Mchango wa Kabla na Mchango wa Baadaye: Historia ya Bima ya Matibabu katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi bima ya matibabu ilivyoingia katika maisha ya wakaazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, ile mitaa ijulikanayo na wote kwa jina la Eastlands, na jinsi ilivyobadilisha, au ilivyoshindwa kubadilisha, njia yao ya kufikia matibabu na mzigo wao wa kuyalipia. Habari za sheria na za fedha zimekwisha kuandikwa na wanasheria na wanauchumi. Sisi tutaingia katika habari hizo kwa mlango wa lugha, kwa maana tunaamini kwamba neno moja la Kiswahili, yaani mchango, linabeba ndani yake historia nzima ya jambo hili.

Mtu anaweza kuulipia ugonjwa kwa nyakati tatu. Anaweza kulipa kabla hajaugua, kwa kutoa kidogo kidogo pamoja na wenzake. Anaweza kulipa wakati anapougua, akiwa amesimama mbele ya dirisha la karani wa hospitali. Au anaweza kulipa baadaye, kwa kukopa, kwa kuuza alicho nacho, au kwa kuwaita jamaa na majirani wamchangie. Kiswahili cha Nairobi kimeyaita malipo yote matatu kwa jina hilo hilo la mchango. Hoja yetu ni kwamba faida kubwa ya bima ni kuusogeza mchango kutoka baadaye hadi kabla, na kwamba kwa muda wa nusu karne mfumo wa bima wa Kenya ulimwezesha kulipa kabla yule aliyekuwa na mshahara wa mwezi tu. Wengine waliachwa dirishani.

2. Bima na mchango

Neno bima ni geni la zamani. Asili yake ni Kiajemi, nalo likapitia lugha za Bara Hindi kabla ya kufika kwetu pamoja na biashara. Kwa hiyo bima ilianza katika Kiswahili ikiwa neno la wafanyabiashara, la mali iliyo safarini na mali iliyo ghalani. Mkaazi wa Nairobi wa miaka ya baada ya Uhuru alilisikia zaidi katika habari za magari kuliko habari za wagonjwa. Hata leo mtu akitaja bima pasipo kuongeza neno lingine, wengi hufikiria gari kwanza.

Mchango, kwa upande mwingine, ni mtoto wa nyumbani. Kitenzi kuchanga kina maana ya kutoa kwa pamoja ili kutimiza jambo lisilowezekana kwa mtu mmoja. Ndani ya maana hiyo mna mambo mawili: mtoaji hutoa kwa hiari, na mtoaji humjua anayepewa. Harambee, ambayo Mzee Jomo Kenyatta aliifanya kuwa wito wa taifa baada ya Uhuru, ilisimama juu ya msingi huo huo.

Basi sheria ilipohitaji neno la kutaja fedha zinazokatwa katika mshahara wa mfanyakazi kila mwezi, neno lililochukuliwa lilikuwa mchango, ingawa fedha hizo hazikuwa za hiari wala mtoaji hakumjua mpewa. Na baadaye, serikali ilipoamua kwamba wagonjwa walipe sehemu ya gharama katika hospitali za umma, jambo hilo nalo likaitwa kuchangia gharama. Neno la ujirani likavalishwa kwanza kodi, kisha bei.

Yafaa pia kulitofautisha neno bima na neno akiba. Methali yasema kwamba akiba haiozi. Bima si akiba. Mwenye akiba asipougua hubaki na fedha zake. Mwenye bima asipougua, fedha zake zimekwenda kumtibu mwingine, wala hazirudi. Kwa mtu aliyelelewa katika maadili ya akiba, mwaka uliopita bila ugonjwa waweza kuonekana kama mwaka wa hasara. Wanaowalaumu wauza mboga wa Kayole au mafundi wa Kariobangi kwamba hawaelewi bima hawana budi kukumbuka jambo hili: watu hao wanaelewa vizuri sana kuchanga na kuweka akiba, lakini bima haifuati kanuni ya mchango wala ya akiba.

3. Mitaa iliyojengwa kwa ajili ya kazi

Mitaa ya mashariki haikuota kama miji mingine inavyoota. Ilipangwa na serikali ya kikoloni ili kuwaweka Waafrika waliohitajiwa kazini. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wenyeji wake, wengi wao Waislamu, walijijengea nyumba zao katika sehemu iitwayo Majengo. Kariokor ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa kulitamka jina la Kiingereza Carrier Corps katika sauti za Kiafrika. Shirika la Reli liliwaweka wafanyakazi wake Muthurwa, kisha Makongeni. Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni zilifuata. Halafu kuanzia miaka ya 1950 zikaja Ofafa, Mbotela, Maringo, Jericho na Jerusalem.

Katika mpango huo nyumba na matibabu vilifuata kazi. Sheria za ajira za kikoloni zilimtaka mwajiri awapatie wafanyakazi wake dawa wanapougua, na wajibu huo umedumu katika sheria za Kenya huru, katika ile ya 1976 na ile ya 2007. Mtu aliyepoteza kazi katika nyumba za reli alipoteza pamoja nayo kitanda, na dawa pia. Hospitali kubwa ya Waafrika ilikuwa ile iliyoanzishwa mwaka 1901, ikapewa jina la Mfalme George wa Sita mwaka 1952, nayo baada ya Uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Upande wa mashariki wenyewe ulikuwa na nyumba ya wazazi ya Pumwani, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1926, ikapewa baadaye jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo.

Lakini wakaazi hawakumngojea mwajiri peke yake. Vyama vya watu wa asili moja, kama vile Luo Union na vyama vya Waluhya, vilikuwa na wanachama wengi katika mitaa hiyo. Navyo, pamoja na mambo mengine, vilichanga fedha za kumsaidia mgonjwa na hasa za kuisafirisha maiti nyumbani. Majengo nako, jirani za marehemu walichangia sanda na mazishi, kwa ule utaratibu wa kufaana ambao Waswahili huuita kufa na kuzikana. Tukiangalia kwa makini tutaona kwamba vyama hivi vilikuwa bima ya kifo zaidi kuliko bima ya ugonjwa. Kifo huja mara moja na gharama yake hujulikana. Ugonjwa huja mara nyingi na gharama yake haina mpaka. Vyama vya kikabila vilivunjwa kwa amri ya serikali mwaka 1980, lakini desturi ya kuchanga ilibaki, ikahamia katika vyama vya akina mama, katika makanisa na misikiti, na katika viwanja vya kazi.

4. Sheria ya mwaka 1966

Kenya ilipopata Uhuru mwaka 1963, viongozi waliwataja maadui watatu wa taifa: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada ya shilingi 5 iliyotozwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vya umma. Mwaka uliofuata, yaani 1966, Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, ambao wananchi wengi waliuita kwa herufi zake nne za Kiingereza, NHIF.

Mambo mawili katika sheria hiyo yanahitaji kuangaliwa. La kwanza ni nani aliyelazimishwa kuingia. Alilazimishwa yule aliyepata shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, naye alikatwa shilingi 20. Katika mwaka 1966 shilingi 1,000 zilikuwa mshahara wa afisa, si wa kibarua wala wa karani mdogo. Kwa hiyo mfuko ulizaliwa juu ya vichwa vya watu wa Kaloleni na Shauri Moyo. Mwaka 1972 sheria ilirekebishwa ili mtu asiye na mshahara huo aweze kujiunga kwa hiari, lakini hiari hiyo ilihitaji kwenda ofisini, kujaza fomu na kulipa bila kukosa. Katika miaka iliyofuata mishahara ilipanda kwa kufuata bei za vitu, na kiwango cha shilingi 1,000 kikabaki pale pale. Hivyo makarani, madereva, wauguzi na walimu wa mitaa ya mashariki waliingia katika bima mmoja mmoja, wakisukumwa na kupungua kwa thamani ya shilingi zaidi kuliko uamuzi wowote wa Bunge. Mwaka 1990 kiwango kimoja cha shilingi 20 kiliondolewa, na makato yakapangwa kwa kufuata mapato, kuanzia shilingi 30 hadi 320 kwa mwezi.

Jambo la pili ni nini kilicholipiwa. Jina lenyewe linajibu: ilikuwa bima ya hospitali, si bima ya afya. Mfuko ulilipa kiasi fulani kwa kila siku ambayo mwanachama, mkewe au mtoto wake alilala kitandani katika hospitali iliyotambuliwa. Kilichozidi alikilipa mwenyewe. Aliyekwenda zahanati akiwa na homa, kikohozi au mtoto anayeharisha hakuwa na haki yoyote mfukoni humo. Na kwa kuwa malipo yalihesabiwa kwa siku za kitanda, mgonjwa wa bima alikuwa na thamani kwa hospitali akilazwa, wala hakuwa na thamani akitibiwa mapema na kurudi nyumbani. Methali ya ufa na ukuta ilipinduliwa: ufa haukulipiwa, ukuta ulilipiwa.

Wakati sheria hiyo ikitekelezwa, mitaa yenyewe ilikuwa ikibadilika. Buruburu, iliyojengwa kuanzia mapema katika miaka ya 1970 kwa mikopo ya nyumba, ilikuwa mtaa wa watu wenye karatasi ya mshahara, na mkopo na makato ya bima vilikaa pamoja katika karatasi hiyo. Umoja nayo ilikusudiwa watu wa namna hiyo walio na kipato cha chini kidogo. Lakini Dandora, iliyoanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ikiwa na viwanja 6,000 vya watu kujijengea, na Kayole iliyofuata, zilijaa haraka wapangaji wa vyumba kimoja kimoja, watu wa jua kali, wachuuzi na vibarua wa Eneo la Viwanda. Korogocho na Mathare zilikua bila mpango wowote. Basi bima ilifungwa katika mshahara wakati ule ule ambapo mashariki ya Nairobi ilikuwa ikiwajaza watu wasio na mshahara.

5. Dirisha

Kwa muda wa karibu miaka 25 kasoro hii haikuuma sana, kwa kuwa zahanati za Halmashauri ya Jiji na hospitali za serikali hazikutoza wagonjwa wa nje. Asiye na bima alipanga foleni ndefu, na mara nyingi alikuta dawa zimekwisha, lakini mlango ulikuwa wazi. Mwezi Desemba 1989, katika miaka ya masharti ya mikopo kutoka Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali ilianza kutoza ada katika hospitali na vituo vya afya. Hapo ndipo mchango wa dirishani ulipozaliwa.

Matokeo yake yalipimwa Nairobi kwenyewe. Katika kliniki ya rufaa ya magonjwa ya zinaa, ambayo ilihudumia wagonjwa wengi wa upande wa mashariki, watafiti walihesabu mahudhurio kabla ya ada, wakati wa ada, na baada ya ada kusimamishwa mwaka 1990. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992 katika jarida la Lancet. Katika miezi tisa ya ada, mahudhurio ya wanaume kwa mwezi yalishuka hadi asilimia 40 ya kiwango cha awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Ada ilipoondolewa, wanawake walirudi kwa wingi kupita kiwango cha zamani, jambo linaloonyesha kwamba baadhi yao walikuwa wamengojea na ugonjwa miilini; wanaume walirudi hadi asilimia 64 tu. Hiyo ilikuwa miaka ambayo ukimwi ulikuwa ukienea katika jiji, na maradhi ya zinaa yasiyotibiwa yaliufungulia njia. Ada iliyoonekana ndogo katika vitabu vya Hazina ilikuwa na gharama kubwa isiyoandikwa popote.

Ada zilirudishwa kwa hatua kuanzia miaka ya 1991 na 1992. Mwaka 2004 zilipunguzwa hadi shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika vituo vya afya, na mwaka 2013 zikaondolewa katika ngazi hizo mbili. Katika kipindi hicho cha kati, mitaa ya mashariki ilijaa kliniki za watu binafsi na maduka ya dawa. Kwa mkaazi wa Umoja au Kayole, kemisti akawa daktari wa kwanza: hatozi ada ya kumwona, haulizi kadi, na huuza vidonge viwili badala ya kumi. Kule nako bima ya hospitali haikufika. Hata mfanyakazi aliyekatwa kila mwezi alilipa taslimu kwa maradhi tisa madogo, akingojea la kumi liwe kubwa ili kadi yake ifae.

6. Pumwani na mchango wa baadaye

Mahali ambapo nyakati hizi tatu za malipo zilionekana waziwazi ni katika hospitali ya wazazi ya Pumwani. Uzazi si ajali. Mama anajua miezi kadhaa mbele kwamba atahitaji kitanda. Kama kuna hali ambayo mchango wa kabla ungeiweza, basi ni hii. Lakini mama wa Majengo au wa Mathare asiye na mume mwenye mshahara hakuwa na bima, na Pumwani ilimtoza. Aliyeshindwa kulipa alipojifungua alizuiliwa ndani mpaka jamaa zake walete fedha. Mwaka 2007 Shirikisho la Wanasheria Wanawake, FIDA, pamoja na Kituo cha Haki za Uzazi cha Marekani, walitoa ripoti iliyoeleza habari za kuzuiliwa huko pamoja na huduma mbovu katika hospitali za Kenya, Pumwani ikiwa miongoni mwao.

Wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani walifikisha shauri lao katika Mahakama Kuu mwaka 2012. Mnamo Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwazuilia kwao kulikuwa kinyume cha sheria na kulivunja haki zao za uhuru, utu na afya zilizolindwa na Katiba. Mmoja alipewa fidia ya shilingi 1,500,000 na mwingine shilingi 500,000. Hukumu hiyo imekuwa nguzo katika sheria za Kenya. Kwa mjadala wetu ina mafunzo mengine pia. Kumzuilia mgonjwa ni njia ya hospitali ya kulazimisha mchango wa baadaye: mwili wa mama hufanywa rehani ili ndugu zake wachange. Ule ujirani wa hiari, ambao ndio asili ya neno mchango, ulikuwa umegeuzwa kuwa chombo cha kukusanyia deni.

Nayo harambee ya matibabu iliendelea kuwa bima ya kweli ya watu wengi. Kadi za michango zilizopitishwa maofisini na makanisani zilifuatwa na simu ya mkononi baada ya M-Pesa kuanzishwa mwaka 2007. Hatukusudii kuidharau desturi hiyo, imewaokoa wengi. Lakini ina kasoro mbili. Humfaa aliye na jamaa wengi na wenye uwezo, nayo hukusanyika baada ya ugonjwa kuwa mkubwa wa kutosha kuwahurumisha watu. Hakuna anayeitisha harambee ya kupima shinikizo la damu. Mchango wa baadaye, kama bima ya kitanda, huungoja ukuta.

7. Kutoka hospitali hadi afya

Kwamba jina lilikuwa na kasoro lilitambuliwa mapema. Nchini Tanzania mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 uliitwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na tangu mwanzo uliwalipia wanachama wake wasiolazwa pia. Kenya iliipitia upya sheria yake mwaka 1998, ikaufanya mfuko kuwa shirika lenye kujitegemea, lakini neno hospitali likabaki. Mwaka 2004, Charity Ngilu akiwa Waziri wa Afya, Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya jamii kwa wananchi wote. Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi, na hofu kubwa ilikuwa gharama. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, ikaja kutamka kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Wakati huo huo uchunguzi uliofanywa Korogocho na Viwandani, na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba mtu mmoja tu katika kila 10 wa mitaa hiyo alikuwa mwanachama wa mfuko wa taifa, na 89 katika kila 100 hawakuwa na bima ya namna yoyote. Aliyekuwa na ajira rasmi ndiye aliyeelekea kuwa nayo. Miaka 46 baada ya sheria ya 1966, karatasi ya mshahara ilikuwa bado ndiyo ufunguo.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2015. Mfuko ulianza kuwalipia wanachama wa kawaida matibabu ya nje. Kila mwanachama alichagua kituo kimoja, na kituo kikalipwa kiasi maalumu kwa kila kichwa kilichoandikishwa, awe ameugua au hakuugua. Makato ya wenye mishahara yakapanda, kuanzia shilingi 150 hadi 1,700, na mchango wa hiari ukatoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi. Kwa mara ya kwanza ufa ulilipiwa. Lakini angalia hesabu ya mchuuzi. Shilingi 500 kwa mwezi ni shilingi 6,000 kwa mwaka. Fundi wa mshahara wa shilingi 12,000 alikatwa shilingi 500 hizo hizo, tena bila kufikiria, kwa kuwa mwajiri alizitoa kabla hazijafika mkononi. Mchuuzi ambaye biashara yake ilidorora kwa miezi miwili alikuta kadi imefungwa, na ili ifunguliwe ilimpasa kulipa adhabu na kungoja. Hivyo aliyepungukiwa na fedha ndiye aliyeongezewa deni.

Kwa upande wa uzazi, ada iliondolewa katika hospitali za umma tarehe 1 Juni 2013, na baadaye mpango huo ukaitwa Linda Mama na kusimamiwa na mfuko wa bima. Linda Mama ilimwandikisha mjamzito bila kumtoza mchango, na serikali ikailipa hospitali. Ni jambo la kuzingatia kwamba mpango uliofika moja kwa moja kwa mama asiye na mshahara haukutumia mchango kabisa, ulitumia kodi.

Mwezi Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii. Mahakama Kuu iliitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba mwezi Julai 2024, lakini Mahakama ya Rufani ikaruhusu iendelee, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ikachukua mahali pa mfuko wa zamani. Neno hospitali, lililodumu tangu 1966, likatoka katika jina. Afya na jamii yakaingia. Mabadiliko hayakuwa ya jina tu. Mwenye mshahara sasa hukatwa asilimia 2.75 bila kikomo cha juu: mwenye shilingi 20,000, aliyekatwa 750 zamani, hukatwa 550, na mwenye shilingi 100,000, aliyekatwa 1,700, hukatwa 2,750. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya zimewekewa mfuko wake unaotokana na kodi, ili mwananchi aliyejiandikisha asilipe kitu dirishani.

Lakini huduma za hospitali hutegemea mchango, na asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali kuhusu nyumba na mali aliyo nayo, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kibarua wa Kayole hupata fedha kwa siku na hununua kwa siku: unga wa siku, mafuta ya taa ya siku, maji ya mtungi mmoja. Kumtaka alipe ugonjwa wa mwaka kwa siku moja ni kumtaka aishi kwa kalenda ya mtu mwingine. Serikali yenyewe ilitambua hivyo mwaka 2025 ilipoanzisha mpango wa mikopo ulioitwa Lipa SHA Pole Pole. Nayo Linda Mama iliingizwa katika utaratibu mpya na kupewa jina la Linda Jamii, na kwa hiyo uzazi umerudishwa chini ya kivuli cha mchango.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya bima katika mitaa ya mashariki ya Nairobi ni historia ya wakati wa kulipa. Aliyelipa kabla aliingia hospitalini kwa heshima. Aliyelipa dirishani alichelewa au aligeuka njiani. Aliyelipa baadaye aliwatwisha jamaa zake mzigo, na wengine walizuiliwa kama rehani. Tumeona pia kwamba uwezo wa kulipa kabla haukutokana na busara ya mtu wala upendo wake kwa watoto wake. Ulitokana na aina ya kazi aliyoipata. Mpangaji wa Buruburu na mpangaji wa Dandora waliugua homa moja, lakini mmoja wao alikuwa na mwajiri wa kumkatia mchango na mwingine hakuwa naye.

Mara mbili tu katika muda huo mrefu mlango ulifunguliwa kwa wote wa mitaa hii kwa pamoja: mwaka 1965 na mwaka 2013. Mara zote mbili ufunguo ulikuwa kuondoa malipo ya dirishani na kutumia kodi, si kuongeza wanachama wa bima. Ujerumani ilipoanza bima ya ugonjwa mwaka 1883 iliifunga katika mshahara, kwa kuwa wafanyakazi wa viwandani walikuwa wengi na wakizidi kuongezeka. Kenya iliuchukua mfano huo katika nchi ambayo wenye mishahara walikuwa wachache, nao wamebaki wachache. Kwa mtazamo wetu, bima inayotaka kumfikia mkaazi wa Korogocho haina budi kufuata mwendo wa kipato chake, nayo kodi haina budi kujaza pale ambapo kipato hicho hakifiki.

Kuhusu lugha, tungependa kutoa wito mmoja. Maneno bima, mchango, mfuko, kadi, rufaa na dhamana yanatumika kila siku katika foleni za Makadara, Bahati na hospitali ya Mama Lucy Kibaki, yakiwa na maana ambazo kamusi zetu hazijaziandika. Wazee wa Majengo na Kaloleni wanaokumbuka jinsi mchango wa mgonjwa ulivyokusanywa kabla ya kadi wanazidi kupungua. Inafaa wanafunzi wa idara yetu waende wakayaandike masimulizi hayo mapema. Katika masimulizi hayo tutajifunza mchango ulikuwa nini kabla haujawa makato, na pengine tutawasaidia watungaji wa sheria kuelewa kwa nini neno zuri namna hii hupokewa kwa mashaka linapotoka serikalini.